Mshahara wa rubani wa ndege ndogo Marekani umepanda, ila foleni ni ileile

Kila anayefuatilia mambo ya urubani Marekani siku hizi ana hesabu moja kichwani: dola 90 kwa saa. Zidisha mara saa 75 za mwezi ambazo mikataba mingi inakuhakikishia, zidisha mara miezi 12, unapata dola 81,000 kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza kwenye shirika la kikanda, yaani hizi ndege za watu 50 mpaka 76 zinazokuchukua mji mdogo kukupeleka Charlotte au Denver ukaunganishe safari. Mwaka 2009 mtu wa kiti hichohicho alikuwa anaambulia kama dola elfu 20 na kitu kwa mwaka mzima, na wengine walikuwa wanatafuta kazi ya pili ili kodi ya nyumba ilipike. Sasa kijana akiweka hizo namba mbili pembeni kwa pembeni anaona basi, tatizo limeisha, kazi imekuwa tamu, twende tukakope tukasomee.

Mimi naona hela imepona ila kazi yenyewe bado inaumwa palepale ilipokuwa inaumwa, na anayeingia kwa sababu ya ile dola 90 peke yake atakuja kugundua kwamba amesaini kitu ambacho hakukisoma vizuri.

Tuanze na hii kazi ni ya nani. Ndege imeandikwa American Eagle, au United Express, au Delta Connection, tiketi umekata kwa American, United au Delta, rangi za ndege ni zao, mpaka soda unayopewa ni yao. Ila watu wawili waliokaa mbele hawajaajiriwa na hao. Wameajiriwa na Envoy, PSA, Piedmont, Endeavor, Republic, SkyWest na wengine ambao abiria wengi hawajawahi hata kuwasikia. Baadhi ni mali ya shirika kubwa lenyewe (Envoy, PSA na Piedmont ni za American, Endeavor ni ya Delta), wengine kama SkyWest wanajitegemea na wanarusha kwa mashirika manne kwa wakati mmoja.

Dili lenyewe liko hivi. Shirika kubwa ndo linapanga ratiba, linapanga nauli, linauza tiketi, mara nyingi na mafuta linalipa lenyewe. Shirika dogo linalipwa kwa kazi ya kurusha, kwa safari na kwa saa, ndege ikijaa au isijae. Ukikaa ukafikiria utaona shirika dogo halina kitu kingine cha kumuuzia mteja wake zaidi ya kurusha kwa bei nafuu, hana abiria wake, hana jina lake sokoni, hana bei ya kupandisha. Kitu kinachobaki mkononi mwake cha kubana ni gharama, na gharama kubwa ni watu.

Hapo ndo penye mzizi wa mambo yote. Rubani kila mwaka anaokaa anapanda ngazi ya mshahara, kwahiyo kampuni yenye marubani waliokaa miaka 15 ni ghali kuliko kampuni yenye marubani wa miaka miwili, na anayegawa kazi anaziona zote mbili. Kwenye shirika kubwa ukikaa sana unakuwa mfalme, unachagua safari, unachagua likizo. Kwenye shirika dogo wakikaa wengi sana kampuni nzima inaanza kuwa mzigo. Comair ya Cincinnati ndo mfano ambao wazee wa kazi hii hawausahau. Marubani wake waligoma siku 89 mwaka 2001, wakapata mkataba mzuri kuliko wenzao wengi wa ngazi ile, na Comair ilikuwa mali ya Delta kabisa. Miaka ikaenda, Delta ikawa inapunguza ndege zake kidogo kidogo, na Septemba 2012 ikaifunga, sababu waliyotoa ni gharama kuwa juu na ndege za watu 50 kuzeeka. Siwezi kusema mgomo peke yake ndo uliiua, mafuta yalikuwa yamepanda sana na zile ndege ndogo zilikuwa zinakula hela, lakini kila rubani wa kikanda aliyekuwepo alijifunza somo lake pale.

Halafu kuna kitu kinaitwa skopu. Hiki ni kipengele kwenye mikataba ya marubani wa mashirika makubwa kinachosema ndege za kupewa mashirika madogo zisizidi viti 76 na uzito wa pauni 86,000, kama tani 39. Lengo ni kuzuia kampuni isihamishe kazi nzuri kwenda kwa watu wa bei rahisi, na mimi siwalaumu, ningekuwa kule juu ningepigania hivyohivyo. Ila matokeo yake huku chini ni kwamba rubani wa kikanda amewekewa dari, na hatakuja kurusha ndege kubwa kuliko hiyo hata awe bora vipi mpaka ahame. Kichekesho ni kwamba chama kilekile cha marubani, ALPA, ambacho kipo tangu 1931, kinawasimamia marubani wa Delta na United na pia wa Endeavor na Envoy. Pande mbili za ukuta, chama kimoja.

Sasa hiyo dola 90 ilitoka wapi? Watu wengi wanaanzia 2022 lakini lazima urudi tarehe 12 Februari 2009, usiku, ndege ya shirika la kikanda Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark kwenda Buffalo. Ilikuwa imepakwa rangi za Continental, shirika kubwa la wakati ule. Ikapoteza mwendo karibu na kutua, usukani ukaanza kutetemeka kumpa kapteni onyo, badala ya kushusha pua yeye akavuta kwenda juu, ndege ikaanguka kwenye nyumba. Watu 50 wakafa, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake.

Uchunguzi ulipoanza ndo Wamarekani wakaambiwa marubani wao wa ndege ndogo wanaishije. Rubani msaidizi kituo chake kilikuwa Newark ila alikuwa anaishi upande wa Seattle, upande mwingine kabisa wa nchi, na usiku wa kuamkia ile safari alikuja kwa kudandia ndege za mizigo, akabadilisha Memphis, akafika Newark asubuhi na kupumzika kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Hakuwa peke yake, theluthi mbili hivi ya marubani wa Colgan waliopangiwa Newark walikuwa wanaishi kwingine na kusafiri kuja kituoni, ingawa si wote kutoka mbali namna hiyo, na ukijua mshahara wao na kodi za nyumba za kule hushangai. Siku 12 tu baada ya ajali Kapteni Sullenberger, yule aliyetua na abiria wote salama kwenye mto Hudson, alikaa mbele ya Bunge akawaambia mshahara wake umekatwa asilimia 40, pensheni imeondoka, na hamjui rubani hata mmoja anayetaka mtoto wake aifuate hii kazi. Na huyo alikuwa wa shirika kubwa.

Familia za waliokufa hazikukaa kimya, zikakaa mlangoni kwa wabunge mpaka sheria ikapita 2010. Kitu kikubwa kwenye sheria ile, kilichoanza kufanya kazi 2013, ni kwamba hata rubani msaidizi lazima awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida inataka saa 1,500 angani. Kabla ya hapo ulikuwa unaweza kukaa kiti cha kulia, kile cha msaidizi, ukiwa na saa 250. Waliosomea urubani chuo kikuu wanapunguziwa mpaka 1,000, waliotoka jeshini 750. Wanaoipinga hii sheria wanapenda kukumbusha kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa na saa zaidi ya 1,500, na ni kweli, kapteni alikuwa nazo zaidi ya 3,000. Wanaoitetea wanasema angalia makaburi, tangu 2009 mpaka ile ajali ya Januari 2025 pale Washington, ndege ya PSA ilipogongana na helikopta ya jeshi watu 67 wakafa, hakukuwa na ajali kubwa ya shirika la abiria la Marekani. Mimi nipo katikati. Saa 1,500 za kuzunguka na mwanafunzi kwenye ndege ya injini moja hazikufundishi kurusha jeti kwenye barafu, lakini sheria ile iliambatana na mafunzo mapya na kanuni mpya za kupumzika, na huwezi kuchambua kipi kiliokoa nani.

Ila kiuchumi athari yake haina ubishi. Ghafla mlango wa kuingilia ukawa mwembamba. Kijana anatakiwa alipie mafunzo yanayofika dola laki moja na zaidi, halafu akae miaka miwili hivi akifundisha wenzake kurusha au kuvuta mabango ya matangazo juu ya fukwe kwa hela ndogo, ndipo apewe ajira ya dola elfu 20? Wengi wakasema hapana asante. Kwa muda mashirika yakaziba pengo kwa bonasi za kusaini, bonasi ambayo ukiondoka mapema unarudisha.

Ikaja korona. Mashirika makubwa yakawapa marubani wazee vifurushi vya kustaafu mapema, maelfu wakaondoka, na serikali ikamwaga mabilioni ya dola ili waliobaki wasifukuzwe. Abiria wakarudi haraka kuliko yeyote alivyotegemea, na mashirika makubwa mwaka 2022 na 2023 yakaajiri kila mwaka marubani zaidi ya 12,000. Watawatoa wapi? Kwa wadogo. SkyWest Machi 2022 ikatoa notisi inataka kuacha kuhudumia miji midogo 29, sababu marubani hawapo. Mamia ya ndege ndogo yakaegeshwa. Hapo ndo Juni 2022 American ikafungua pochi, Envoy na Piedmont wakatangaza dola 90 kwa msaidizi anayeanza na 146 kwa kapteni anayeanza, wenzao wakafuata kwa kukimbia, Mesa Agosti ikaenda mpaka 100 na 150. Na ukisoma vizuri ile ya Envoy na Piedmont utaona sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa ya muda, mpaka Agosti 2024, wakitumaini mambo yatatulia. Hayakutulia, na viwango vimebaki juu.

Naileta historia hii yote kwa sababu moja. Mshahara ulipanda kwa kuwa watu hawakuwepo. Hakuna aliyeamka asubuhi akaona aibu. Mesa yenyewe ilipandisha mishahara wakati malipo yake kutoka kwa American yalikuwa yaleyale, ikaanza kupata hasara, 2023 wakaachana na American wakahamia United. Mwaka 2025 ikatangazwa inaungana na Republic. Huo ndo wembamba wa kamba ambayo hii mishahara inatembelea.

Tuje kwenye maisha yenyewe, maana mshahara kwa saa unaficha mambo. Saa inayolipwa inaanza mlango ukifungwa na breki ikiachiwa, inaisha breki ikivutwa kwenye lango la kushukia. Kukagua ndege kwenye theluji, kusoma hali ya hewa, kusubiri fundi abadilishe taa, kukaa saa tatu uwanjani kati ya safari mbili, hiyo yote humo ndani haimo. Mikataba mingi inaweka kiwango cha chini kwa siku ili usitoke mikono mitupu, lakini mtu anaweza kuwa kazini saa 12 akalipwa tano.

Mwaka wa kwanza huna ratiba, una rizevu, yaani zamu ya kusubiri kuitwa. Chukua kijana ambaye kituo chake kimepangwa New York na mke wake yuko Ohio. Zamu yake ya kusubiri inaanza saa 10 alfajiri, na akipigiwa anatakiwa awe uwanjani ndani ya saa mbili, kwahiyo hawezi kusubiria Ohio. Anapanda jana yake jioni kwenye kiti cha ziada cha chumba cha marubani, kile wanachoita jampsiti, bure, kama kipo, na kama rubani mwingine aliyemtangulia kuajiriwa hajakitokea. Anafikia kwenye nyumba wanayochangia kodi marubani kumi na zaidi, vitanda vya juu na chini, pazia limekaa dirishani siku nzima kwa sababu kila saa kuna mtu analala. Simu iko kifuani. Siku ya kwanza haiti, siku ya pili haiti, siku ya tatu inaita saa 11 na nusu alfajiri, kuna safari nne, analala hoteli mji ambao jina lake anaangalia kwenye tableti, kesho yake safari tano. Siku ya mwisho ya zamu anaachiwa saa 4 usiku na ndege ya mwisho ya kwenda kwao imeondoka saa 2. Kwahiyo siku yake ya kwanza ya mapumziko anaianzia kwenye kitanda cha juu New York. Hesabu ya dola 81,000 haina hiyo kodi ya kitanda, haina hiyo siku, na kituo hakuchagua yeye.

Kanuni za kupumzika zilizoanza Januari 2014 zimesaidia kweli, lazima upate saa 10 kati ya zamu na nafasi ya kulala saa 8, na urefu wa zamu unategemea umeanza saa ngapi na una safari ngapi. Ila kanuni inahesabu muda wako kazini, haihesabu ulivyofika kazini. Yule rubani msaidizi wa Colgan angeweza kuja vilevile leo, ni juu yake mwenyewe kusema nimechoka. Sheria inampa haki ya kusema. Mtu aliyeko kwenye kipindi cha majaribio anaitumia kwa kufikiria mara mbili.

Na yote hayo, kituo, zamu, Krismasi, lini unakuwa kapteni, yanaamuliwa na kitu kimoja tu, senioriti, yaani nafasi yako kwenye foleni ya kampuni. Siku unayoanza darasa unapewa namba. Walio juu yako wakiondoka unapanda, wakija wapya chini yako unapumua. Kurusha vizuri hakukupandishi, bosi kukupenda hakukupandishi, na hilo lina uzuri wake maana hakuna kujipendekeza. Ubaya ni kwamba namba haihami. Ukitoka kampuni moja kwenda nyingine unaanzia mkiani. Siku hizi mashirika kadhaa yanakubali kukulipa kwa miaka uliyokaa kwingine, ila kukulipa tu, kwenye kuchagua ratiba wewe ni mgeni. Kwahiyo kampuni ikifa chini yako, umekufa nayo. Compass na Trans States zilifungwa Aprili 2020 ndani ya wiki moja, ExpressJet ambayo iliwahi kuwa kati ya kubwa kabisa za kikanda duniani ilipoteza kazi yake ya United mwaka huohuo na 2022 ikaingia mahakamani kufilisika. Kapteni wa miaka 15 pale alienda kukaa darasani pembeni ya mtoto wa miaka 23, na mtoto akiwa ameanza wiki moja kabla, mtoto anachagua likizo kwanza.

Ndo maana nasema angalia foleni kuliko bei. Kwenye shirika la kikanda foleni inasogea kwa sababu moja kubwa, walio mbele kuvutwa na mashirika makubwa. Mwaka 2022 ilikuwa inakimbia mpaka ikaleta ugonjwa mwingine. Sheria inataka uwe na saa 1,000 za kiti cha msaidizi kwenye shirika la abiria kabla hujawa kapteni, sasa makapteni wanaondoka kila wiki na wasaidizi saa zao hazijatimia, ndege zinakaa. Baadhi ya mashirika yakaanza kulazimisha, saa zikitimia unapanda ukitaka usitake, na wengine walikuwa hawataki kabisa, maana msaidizi mwenye namba nzuri anajua wikiendi yake iko wapi, akipanda anakuwa kapteni wa mwisho na kurudi rizevu.

Halafu foleni ikasimama. Tarehe 5 Januari 2024 kipande cha ukuta kikachomoka kwenye Boeing 737 MAX 9 ya shirika la Alaska ikiwa angani, ikaonekana boliti nne hazikurudishwa kiwandani Renton. Mamlaka ya anga ikazuia Boeing isiongeze kasi ya kutengeneza 737, ndege mpya zikachelewa, United ikasimamisha kuajiri marubani Mei na Juni, Southwest ikabana, Spirit ikaanza kupunguza watu. Vijana waliokuwa wanahesabu miaka miwili kwenye shirika dogo wakajikuta hawajui tena. Na huku chini walimu waliomaliza saa 1,500 wakawa wanasubiri tarehe ya darasa miezi na miezi, wale wale ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanapigiwa simu kabla hawajafikisha 1,200. Boliti nne! Kijana wa Ohio hajakosea kitu chochote.

Wazee wanasema hii si mara ya kwanza na wana haki. Septemba 2001 ilisimamisha kila kitu, halafu Desemba 2007 umri wa kustaafu ukatolewa 60 kwenda 65, kwahiyo kwa miaka mitano kule juu hakutoki mtu, na katikati yake ikaingia mdororo wa 2008. Kuna watu walikaa kiti cha kulia kwenye ndege ya watu 50 karibu muongo mzima. Ndo maana mjadala wa kupeleka umri 67 unawagawa marubani vibaya hivi. Bunge la chini lilipitisha 2023, Seneti ikakataa, sheria ya Mei 2024 ikabaki na 65. Chama cha mashirika ya kikanda kilikuwa kinaitaka, ALPA haikutaka, na kila mmoja alikuwa na takwimu zake kuhusu kama uhaba upo au haupo. Ukiwa na miaka 64 na mkopo wa nyumba unaiona tofauti na ukiwa na miaka 28 na namba ya mkiani.

Jambo ambalo halisemwi kwa sauti ni afya. Leseni yako ina daktari ndani yake, kila miezi 12 chini ya miaka 40, kila miezi 6 ukifika 40. Unalala vibaya, ndoa inayumba kwa sababu haupo, una deni la laki, na ukienda kwa mtu wa kuzungumza naye unatakiwa ukaandike kwenye fomu, na fomu inaweza kukuweka chini miezi kadhaa bila safari. Kwahiyo watu hawaendi. Oktoba 2023 rubani ambaye hakuwa kazini, amepewa jampsiti ya ndege ya Horizon kutoka Everett kwenda San Francisco, alijaribu kuvuta vishikio vya kuzima injini zote mbili, waliokuwa wanarusha wakamdhibiti wakatua Portland. Alisema alikuwa na msongo kwa muda mrefu na alikula uyoga wa kulevya siku mbili kabla. Baada ya hapo mamlaka ikaunda jopo, jopo likasema wazi kwamba utaratibu unawafanya marubani wafiche. Kuna mabadiliko yanaendelea kidogo kidogo. Kidogo sana kwa maoni yangu.

Na ndege zenyewe? CRJ, moja ya jeti ndogo zinazotumika sana na mashirika haya, ya mwisho ilikabidhiwa kwa SkyWest 2021, haitengenezwi tena. Wajapani wa Mitsubishi walikuwa wanatengeneza mbadala, wakaufuta mradi Februari 2023. Embraer, watengenezaji wa Brazil, wana jeti ya E175 mpya yenye injini bora, ila ni nzito kupita ile skopu, kwahiyo Marekani wanaendelea kununua E175 ya zamani. Zile za viti 50 zinapungua. Ukiunganisha hayo, hii sekta haikui, inabadilishana watu. Wanaokuambia njoo huku kuna uhaba mkubwa wa miaka 20 waulize ndege za kurusha hao wote zitatoka wapi.

Kwahiyo ningekuwa naingia leo ningeuliza maswali ya kuchosha. Nani anawapa kazi, na mkataba wake unaisha lini? Anayetegemea mteja mmoja na ndege za viti 50 namkwepa hata akinipa dola 110. Je, kuna njia ya moja kwa moja kwenda juu, kama ile ya Envoy, PSA na Piedmont kwenda American ambapo namba yako ikifika unahama, na mwaka huu wamehama wangapi kweli, maana ahadi kwenye karatasi na watu waliohama ni vitu viwili. Kituo gani cha karibu na nyumbani, na wa mwisho kupata kituo hicho aliajiriwa lini? Hilo la mwisho ndo linakuambia kama utalala kwako au kwenye kitanda cha juu.

Na kuna kundi moja ambalo hesabu yangu hii haiwahusu sana, wale waliobaki kwa kutaka. Kapteni wa miaka 52, miaka 20 kampuni hiyohiyo, anaishi dakika 30 kutoka kituo chake, namba yake iko kwenye kurasa ya kwanza ya orodha, anachagua safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Krismasi yuko nyumbani, na kwa viwango vya sasa anaingiza zaidi ya dola laki moja na nusu kwa mwaka. Akienda Delta ataanza msaidizi wa rizevu labda Atlanta au New York, na amebakiwa na miaka 13 ya kupanda. Kule mwisho wa ngazi kapteni wa ndege kubwa anapita dola 400 kwa saa lakini yeye huko hafiki. Akiikataa hiyo simu simshangai hata kidogo, mradi ameangalia ndege anazorusha zina umri gani na Delta au United wanasaini upya na mwajiri wake mwaka gani.